Kilima cha Dakika ya Kumi na Moja

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimenunua daftari hili kwa sababu lile la kazi limejaa tarakimu na halina mahali pa kulalamikia.

Huu ni muhula wangu wa mwisho hapa chuoni Embu. Barua imesema bila kuzunguka: nisipokuwa na matokeo ya kuandikia tasnifu kufikia mwisho wa Novemba, jina langu, Nelius Ruguru, linatolewa kwenye orodha ya shahada ya uzamili. Nimetumia miaka mitatu kwa kazi ya miaka miwili. Sina wa kumlaumu, ingawa nimetafuta.

Kazi yenyewe nimeshaieleza kwa Mama, kwa mwenye kibanda cha chai na kwa jirani anayenisuka nywele, kwa hiyo naijua kwa moyo. Moshi una hewa ukaa. Ukiipitisha hewa hiyo kwenye maji yenye chumvi ya potasiamu, kisha ukatia umeme kupitia kitambaa cha kaboni kilichopakwa unga wa bati, hewa inageuka kuwa asidi ya fomiki, ile wanayonyunyizia sileji ili lishe ya ng'ombe isioze. Bati ndilo kichocheo. Linaharakisha kazi na lenyewe halipungui. Mama aliuliza kama ni kama chachu ya uji. Nikamwambia ni karibu hivyo, ila chachu huongezeka.

Mvua bado. Watu wote mjini wanatembea wakitazama juu.

Jumatano, 8 Oktoba
Chumvi ya potasiamu imeisha. Agizo letu limekwama Nairobi tangu Agosti. Nimepiga simu mara nne na mara zote nimeambiwa "kesho" na sauti ileile ya upole.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimekuja nyumbani Mbeere. Shamba limeshalimwa, udongo mwekundu umekaa wazi, na Mama ana mbegu za ndengu kwenye beseni karibu na mlango, tayari kupanda siku mvua itakapoanguka. Mizinga yake mitatu ya nyuki bado iko juu ya migunga.

Alikuwa anatengeneza chumvi ya majivu. Nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote na leo ndiyo nimemtazama. Anachoma maganda ya ndizi na mabua ya maharagwe, anatia majivu kwenye mkebe uliotobolewa chini, anamwaga maji juu, na yanayodondoka ndiyo anayolainishia muthere, yaani mahindi na maharagwe, na mboga ngumu. Nikakumbuka: majivu ya namna hiyo ni potasiamu tupu! Nikipitisha hewa ukaa ndani yake napata chumvi ileile inayongoja lori Nairobi.

"Mama, nahitaji lita tano."
"Lita tano za nini? Unapikia shule?"
"Za maabara."

Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaingia ndani akatoa mtungi wa njano anaoutunza, akausuuza mara mbili, akaujaza. "Chukua huu mzuri. Ile myeusi ilikuwa ya mafuta ya taa."

Jumanne, 14 Oktoba
Imenyesha! Saa nane mchana, ghafla, na wanafunzi wakatoka darasani kusimama tu kwenye kibaraza. Nimechemsha maji ya Mama mpaka yakabaki nusu ili yapate nguvu. Yamekuwa na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Majivu ni majivu, sikutarajia yawe meupe.

Alhamisi, 16 Oktoba
Mashine yetu ya kupimia huchora mstari, na kila kemikali huinua mstari huo kwa dakika yake. Asidi ya fomiki hutokea dakika ya kumi na moja. Mwaka mzima nimekuwa nikipata kichuguu hapo, kitu cha kukodolea macho. Leo nimepata kilima. Nikarudia, kilima. Mara ya tatu, kilima tena, mara tano ya kile cha Agosti.

Nilimwonyesha Kivuti kwa sababu hakukuwa na mwingine. Kivuti ndiye fundi wa maabara, miaka ishirini na saba hapa, koti jeupe lenye vifungo viwili. Alitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Na bila hewa?"

Anamaanisha blanki: kufanya jaribio lote lakini kwa naitrojeni badala ya hewa ukaa, kuhakikisha kwamba kinachoonekana kimetokana na hewa. Nilimwambia blanki nilifanya Septemba na ikatoka safi.

"Septemba ulikuwa na chumvi ya dukani," akasema, akaenda kunywa chai.

Mtu huyu hajawahi kumpongeza mtu.

Ijumaa, 17 Oktoba
Kilima. Kivuti: "Na bila hewa?"

Jumatatu, 20 Oktoba
Sikukuu ya Mashujaa. Chuo kimefungwa. Nimefua.

Alhamisi, 23 Oktoba
Dkt. Makandi, msimamizi wangu, ameona karatasi. Ni mwanamke anayetoka Mikinduri, mwenye mwendo wa haraka, na kwa miaka mitatu amekuwa akizungumza nami huku akitazama saa. Leo alikaa. Alivua miwani.

"Nelius, hii ni serious. Na umetumia majivu ya nyumbani?"
"Ya Mama."
"Unajua hii inamaanisha nini kwa wakulima? Bati kidogo, majivu ya jikoni, na moshi ambao unapotea tu. Nawapigia watu wa kiwanda leo."

Kiwanda ni cha majani chai, huko Kibugu, ambako boila huchoma kuni mchana kutwa. Anataka tufunge chombo chetu kwenye bomba la moshi na tuwaonyeshe wafugaji wa ushirika kabla ya Krismasi. Nilitoka ofisini nikitabasamu peke yangu kwenye ngazi. Nilipenda sana alivyosema "tufunge".

Kivuti alikuwa anaosha chupa. Nilimwambia habari. Akasema mtungi wa naitrojeni una gesi ya jaribio moja tu, na ameniwekea.

Nadhani ananionea wivu. Nimeandika hivyo na sitafuta.

Jumatano, 29 Oktoba
Kibugu, mimi na Dkt. Makandi. Mvua ya huko haina mchezo, na baridi inaingia hadi kwenye meno. Anayetunza boila anaitwa Munyi, mtu mfupi mwenye nyusi zilizoungua kidogo. Alitusikiliza vizuri kuliko meneja wake.

"Kwa hivyo hii moshi yangu ina kitu ndani."
"Ina kitu," nikasema.
"Miaka kumi na tano nimeiangalia ikienda tu juu ya msitu." Alipiga bomba kofi. "Na haitapunguza joto yangu?"
"Hata kidogo."
"Basi leteni. Mimi nitawachungia hiyo kitu yenu kama mtoto."

Amechagua mahali pa kuweka chombo na akapachora kwa chaki. Ana ng'ombe wawili nyumbani, na sileji ya mwaka jana iliozea shimoni yote. Maonyesho ni tarehe 5 Desemba.

Jumapili, 2 Novemba
Kanisa. Mvua.

Alhamisi, 6 Novemba
Kilima. Mvua. "Na bila hewa?" Sasa hata salamu ameacha, anaanza na hilo. Nilimjibu kwa ukali kwamba gesi ya jaribio moja siwezi kuipoteza kutafuta kitu ambacho hakipo. Akasema, "Sawa, Daktari." Mimi bado si daktari, naye anajua.

Jumanne, 11 Novemba
Mama amepiga simu. Huko kwake ilinyesha siku mbili ikaacha. Ndengu zimeota na zimesimama hapo zikingoja.

Jumatano, 12 Novemba
Stima ilipotea saa tano, umeme ukakatika jaribio likiwa katikati. Nikapima hivyo hivyo. Kilima. Nikafurahi kwamba nusu ya muda imetosha. Sikuwaza zaidi ya hapo, na leo ndipo naona kwamba ningeweza kuwaza.

(Hayo ya mwisho nimeyaongeza tarehe 19.)

Jumatano, 19 Novemba
Usiku kucha ilinyesha na upepo ukaangusha mti juu ya nyaya. Nilianza jaribio saa tatu na robo asubuhi. Stima ikapotea saa tatu na dakika ishirini. Dakika tano tu. Jenereta ya chuo huwasha mashine ya kupimia lakini haifiki kwenye benchi langu, kwa hiyo jaribio lilikufa pale pale.

Sijui kwa nini nilipima. Nadhani mikono ilizoea. Nikakaa kwenye stuli, mstari ukaenda tambarare, dakika ya nane, ya tisa, ya kumi. Ya kumi na moja ukapanda. Kilima kilekile. Urefu uleule wa saa tatu za umeme.

Umeme wa dakika tano haujengi hicho. Hakuna kichocheo duniani kinachofanya hivyo, na cha kwangu ni unga wa bati niliopaka kwa brashi ya rangi ya kucha.

Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni. Kivuti alikuwa upande wa pili anapanga mirija. Aliniangalia, na kwa mara ya kwanza mwezi mzima hakuuliza. Hilo liliniumiza kuliko kuulizwa.

Nimejaribu maelezo yote. Labda chombo hakikuoshwa. Nilikiosha. Labda mashine imechoka. Sampuli za wengine inazisoma sawasawa. Limebaki moja, na silitaki: kilima kilikuwamo kwenye maji kabla sijawasha chochote.

Kilichonitia aibu si kosa. Ni kwamba wazo la kwanza lililonijia lilikuwa tarehe. Siku kumi na moja zimebaki mwezi uishe. Karatasi ziko kumi na nne, safi, na hii moja naweza kuichoma. Hakuna atakayejua mpaka tasnifu ipite. Niliwaza hivyo kabisa, nikiwa mzima na akili zangu, na baada ya hapo nikamkumbuka Munyi na chaki yake.

Alhamisi, 20 Novemba
Sikwenda maabara. Nilisema ninaumwa.

Ijumaa, 21 Novemba
Sikwenda tena. Dkt. Makandi ametuma ujumbe: ushirika umetengeneza mabango.

Jumamosi, 22 Novemba
Kivuti huja kazini Jumamosi ingawa hakuna anayemtuma. Nilimkuta anapiga pasi koti lake juu ya meza ya mizani. Nilimpa karatasi iliyokunjwa.

"Mzee, tufanye bila hewa."

Alichomoa pasi, akaenda stoo, akarudi anasukuma mtungi wa naitrojeni kwenye mkokoteni. Ulikuwa umefunikwa gunia na juu yake ameandika kwa kalamu ya rangi: WA NELIUS. USIGUSE. Tarehe ya chini ilikuwa 16 Oktoba.

Tulipitisha naitrojeni nusu saa kufukuza kila hewa nyingine. Saa tatu za umeme, na stima leo ikakaa, kwa makusudi nadhani. Tulikula mihogo ya kuchemsha aliyobeba. Aliniambia kwamba mwaka wake wa pili hapa alipima maji ya mto akaona sumu ya kutosha kufunga mji. Akamwambia mkuu wa idara, mkuu akaita mkutano. Ilikuwa sabuni kwenye chupa yake mwenyewe.

"Walifanya nini?"
"Walicheka miaka mitatu. Kisha wakasahau. Mimi ndio sikusahau."

Dakika ya kumi na moja mstari ukapanda. Bila hewa hata chembe, kilima changu kikasimama pale, kirefu, kizuri. Nililia. Kivuti alizima mashine taratibu, akasema, "Sasa angalau tunajua swali. Imetoka wapi?"

Nilikosea kuhusu wivu. Sifuti, ila naandika hapa chini yake.

Jumapili, 23 Novemba
Nilifika Mbeere kabla ya watu kutoka kanisani. Mtungi wa njano, mwenzake na ule alionipa, ulikuwa nje chini ya upenu, na kwenye kifuniko chake kulikuwa na nyuki sita au saba wanatembeatembea. Nilisimama hapo na mkoba begani mpaka Mama akaja.

"Mama, huu ulikuwa na nini?"
"Asali. Yote miwili ya asali. Si ndiyo mizuri?"

Basi. Asali ni sukari. Sukari ikikaa kwenye maji makali ya majivu huvunjika, ikichemshwa huvunjika zaidi, na moja ya vipande vyake ni asidi ya fomiki. Rangi ya strungi haikuwa majivu. Nilipika kilima changu mwenyewe kwenye jiko la maabara, tarehe kumi na nne Oktoba, kutokana na mabaki ya asali.

Nilitaka kumficha. Lakini alinitazama usoni na mimi sina uso wa kuficha, kwa hiyo nikamweleza. Aliketi kwenye kigoda na kitambaa cha kanisani bado kichwani.

"Nilisuuza mara mbili," akasema.
"Najua, Mama. Nilikuona."
"Ningekupa ule wa mafuta ya taa?"
"Hapana. Ulinipa mzuri. Mimi ndiye niliyefundishwa kuuliza, na sikuuliza."

Baadaye alikwenda kuangalia ndengu. Majani yamejikunja. Alirudi akasema atachoma majivu mapya, na nikamwona anatafuta kwa macho chombo ambacho hakijawahi kubeba kitu chochote. Hakuna chombo kama hicho nyumbani kwetu. Nadhani hakuna katika nyumba yoyote ninayoijua.

Jumatatu, 24 Novemba
Nilisimama mbele ya Dkt. Makandi, nikaweka karatasi mbili mezani, yenye hewa na isiyo na hewa. Nilikuwa nimekariri maneno na sikuyahitaji. Alielewa kabla sijafungua mdomo.

"Nani mwingine anajua?"
"Kivuti. Na mama yangu."

Alikwenda dirishani. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya karakana na niliweza kusikia kila tone. Nilijiambia sasa atasema tunyamaze, na nikaogopa kwamba nitakubali.

Akachukua simu akampigia meneja wa kiwanda mbele yangu. "Tulikosea," akasema. "Hapana, si mwanafunzi. Sisi. Nilipaswa kudai blanki kabla ya kukupigia. Mabango myaondoe." Alisikiliza, akaitikia mara kadhaa, akakata.

"Nimekuwa nikingoja kitu kizuri kutoka kwa hii maabara for nine years," akaniambia. "Nilikiona nikakimbia nacho. Wewe ni mwanafunzi, una ruhusa. Mimi sina."

Ameniombea wiki mbili za nyongeza, mpaka tarehe 12 Desemba. Kwa mara ya kwanza sikumwona akitazama saa.

Alhamisi, 27 Novemba
Majivu ya Mama yamefika, kwenye sufuria mpya ambayo bado ina karatasi ya duka. Kivuti ameyatia kwenye tanuru ya umeme mpaka yakawa meupe kabisa, hakuna asali wala nyasi inayoweza kubaki humo. Yakayeyushwa kwa maji safi. Maji yako kama hayana kitu.

Jumamosi, 29 Novemba
Stima hakuna.

Jumatatu, 1 Desemba
Stima hakuna mpaka saa tisa. Munyi amepiga simu, sijui namba yangu alipata wapi. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. "Madam, chaki yangu nimeiacha hapo kwa bomba. Moshi iko kila siku. Mkipata ukweli mnakuja, hata kama ni kidogo."

Alhamisi, 4 Desemba
Asubuhi Kivuti alikuja na mtungi mwingine wa naitrojeni, amekopa kwa watu wa hospitali ya mifugo. Tulifanya bila hewa kwanza. Hilo nilidai mimi.

Tulikuwa wote watatu mbele ya mashine, Dkt. Makandi akiwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai ambacho hakunywa. Dakika ya tisa. Ya kumi. Ya kumi na moja. Mstari ulilala. Ukapita ya kumi na mbili ukiwa umelala. Sijawahi kuona kitu kitupu namna ile nikakipenda.

Kisha hewa ukaa, saa tatu, na tukapima. Kichuguu. Kidogo kuliko hata cha Agosti, na ukikilinganisha na kile kilima unaweza kukicheka. Tukarudia mara mbili, na mara zote kikawa palepale, urefu uleule. Dkt. Makandi akasema inatosha kuandikia, na kwamba atasoma sura ya kwanza Jumatatu, blanki ikiwa ukurasa wa mbele. Kivuti alitazama karatasi zote mbili, akafunga kifungo kimoja cha koti, akanipa mkono. Alisema, "Vizuri." Nimeliandika neno hilo kwenye daftari la kazi pamoja na saa.

Jioni nikampigia Mama. Nyuma ya sauti yake nilisikia mvua, mvua ya kweli, ikipiga mapipa.

"Mama, leo nimepata sifuri."

"Pole sana, Nelius. Njoo nyumbani ule kwanza, mengine tutaona."

Nilicheka mpaka nikashindwa kusema. Nikamweleza kwamba sifuri ndiyo niliyokuwa naitafuta, kwamba bila hewa hakukutokea kitu, kitu chochote, na hilo ndilo jambo zuri lililonipata tangu mvua ianze. Alisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri ya mgeni.

"Na ukiweka hewa?" akauliza.
"Kidogo, Mama. Kidogo sana."
"Kidogo cha asali?"
"Hapana. Kidogo cha hewa."